Magome ya mjafari na seli za HeLa: dozi kubwa inaonyesha seli ziko hai asilimia 131, nimekosea wapi?

mzizi_mchungu:
Wakuu habari za kazi. Naombeni msaada kabla sijapasuka kichwa. Niko masta mwaka wa pili, kemia ya mimea dawa, na mmea wangu ni mjafari, Zanthoxylum chalybeum, magome ya mizizi. Nilichimba mwenyewe na mzee mmoja wa kule kwetu, tukakausha kivulini wiki mbili, nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli siku tatu, nikachuja, nikaikausha kwenye rotavapa mpaka nikabaki na kitu cha kahawia kinanata kama sukari guru. Vipimo vya alkaloidi (kemikali za mimea zenye naitrojeni) vyote vilijibu: Dragendorff ikatoa rangi ya chungwa, Mayer ikaweka ukungu mweupe kama maziwa, Wagner ikashusha masimbi mekundu ya kahawia. Nikafurahi sana siku hiyo hata chakula cha mchana nilisahau.

Sasa tatizo liko kwenye seli. Nilipanda HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, kwenye pleti ya visima 96, nikaweka ile ekstrakti yangu dozi sita, 3.125 mpaka 100 mikrogramu kwa mililita, nikaziacha saa 24 alafu MTT, kile kipimo cha rangi cha kujua seli zipi ziko hai. Dozi za chini hamna kitu, 12.5 zimeshuka kidogo, 25 zimeshuka hadi asilimia 58, nikasema haya sasa mambo yameiva. Hamsini zikapanda tena hadi 83. Mia moja ikasoma asilimia 131! Yaani dawa inawanenepesha saratani? Ila cha ajabu kabla sijaweka MTT nilichungulia kwenye hadubini, kwenye visima vya 100 seli zimejikunja zimekuwa duara, nyingi zimeng'oka zinaelea. Kwa macho yangu zimekufa, mashine inasema ziko hai kuliko zile ambazo hazikuguswa.

Supavaiza ameangalia grafu dakika moja akasema futa hizo pointi mbili za juu ni makosa ya kupipeti, chora mstari, kokotoa IC50 (dozi inayoangusha nusu ya seli), twende mbele. Rohoni sijaridhika kwa sababu nimerudia mara tatu na mara zote tatu inapanda vilevile.

Na kuna lingine. Shangazi yangu ana saratani ya mlango wa kizazi, ameanza mionzi. Amesikia nasoma "dawa ya saratani" na kila nikimpigia ananiuliza mwanangu hiyo mizizi lini. Sijui nimwambie nini.

Pipeti_Kongwe:
Karibu chamani mkuu. Makosa ya kupipeti hayarudii mara tatu kwa mpangilio uleule. Usifute kitu, hizo pointi mbili ndizo zinazokueleza ukweli kuliko zote.

Twende taratibu. MTT ni unga wa njano. Seli hai ina vimeng'enya vinavyoirudisha hiyo njano kuwa formazani, zile sindano sindano za zambarau unaziona chini ya kisima, ndio unaziyeyusha kwa kiyeyushi cha DMSO unasoma kwenye nanomita 570. Wote tumefundishwa "zambarau ni uhai". Sio kweli. Zambarau ni kwamba kuna kitu kimeirudisha MTT, na kitu hicho si lazima kiwe seli. Tanini, polifenoli, vitamini C, vitu vyote vyenye tabia ya kuzuia oksidisho vinaweza kuifanya kazi hiyohiyo bila seli hata moja kuwepo. Sasa wewe umeweka ekstrakti ya methanoli ya magome, hebu fikiria mna nini humo ndani.

Fanya hivi kesho asubuhi, haichukui hata nusu siku: chukua pleti tupu, weka midia (chakula cha seli) bila seli, weka ekstrakti yako dozi zilezile sita, weka MTT, rudisha kwenye inkubeta kwa muda wa saa nne, alafu DMSO, soma. Kama kisima cha 100 kikibadilika zambarau, umempata mwizi wako. Weka na visima vingine vya ekstrakti na midia tu bila MTT, hivyo vitakuambia kama rangi ya ekstrakti yenyewe nayo inachangia kwenye 570.

Hili mimi nalijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa masta nilipeleka bango kwenye kongamano, mmea mwingine tofauti na wako, nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kwa dozi ndogo unaua seli na kwa dozi kubwa "unachochea ukuaji". Nimetunga na nadharia kabisa, nina mishale na vipokezi. Akaja mama mmoja mtu mzima, kasoma kimya, kaniuliza swali moja tu: "Kontroli ya bila seli iko wapi kijana?" Nilitamani ardhi inimeze. Bango lilikaa pale siku mbili na mimi nikashinda kwenye chai.

Ukishahakikisha, njia ziko. Moja, kabla ya kuweka MTT mwaga ile midia yenye ekstrakti na osha kwa PBS, yale maji ya chumvi ya kuoshea seli, taratibu, japo hapo utapoteza na zile seli zilizong'oka, andika hivyo kwenye mbinu zako. Mbili, na ndiyo ningefanya mimi, hamia SRB. Hiyo ni rangi ya waridi inayoshika protini za seli zilizokazwa kwa asidi chini ya kisima, haijali nani anarudisha nini. Na kwa vile unaosha mara kadhaa, ekstrakti yako inakwenda na maji. Nyumbani kwetu kimaabara tulikuwa hatuna hela ya kitu kingine tukaishi na SRB miaka na ikatulea.

Alafu niulize: visima vya pembeni kabisa mwa pleti umevitumia? Na DMSO ya kuyeyushia ekstrakti ni asilimia ngapi kwenye kisima?

mzizi_mchungu:
Asante sana mkuu. DMSO ni 1% kwenye dozi ya juu kabisa, kwenye za chini inapungua kadiri nilivyopunguza dozi. Na ndio, nimetumia visima vyote 96, nilikuwa nabana matumizi.

Pipeti_Kongwe:
Ndio hapo sasa. DMSO inatakiwa iwe sawa kwenye visima vyote pamoja na kontroli, na ishuke hadi 0.1, ikizidi sana 0.5. La sivyo hujui kilichoua ni mjafari au ni DMSO. Na visima vya pembeni maji yanavukiza ndani ya inkubeta, dozi inakolea bila wewe kujua. Vijaze PBS viache, tumia 60 vya katikati. Najua roho inauma lakini ndio ubanaji wa kweli huo, ubanaji mwingine unarudia kazi mara nne.

BiAmonia:
Mimi nachukua upande wa kemia maana naona wanaume wa seli wameshafanya yao.

Mdogo wangu, kichwa cha tasnifu yako kinasemaje? Kama kinasema "alkaloidi za mjafari" basi bado hujapima alkaloidi, umepima supu. Kwenye supu ya methanoli kuna alkaloidi, kuna tanini, kuna kumarini, kuna sukari, kuna mafuta, na kama kuna saponini hizo ni sabuni, zinatoboa utando wa seli yoyote ile, ya saratani na ya mtoto mchanga. Weka kiasi kidogo kwenye tyubu na maji, tikisa kwa nguvu, ukiona povu limesimama robo saa halishuki, ujue una sabuni. Na Dragendorff usiiamini kama mtume. Kumarini na protini nazo zinaweza kuitia chungwa. Ukipata jibu kwa vitendanishi vitatu ni dalili nzuri, lakini ni dalili.

Cha kufanya ni kutenganisha kwa asidi na besi. Alkaloidi nyingi ni besi: kwenye asidi zinakuwa chumvi zinapenda maji, ukigeuza kuwa besi zinakimbilia kwenye klorofomu au dikloromethani. Yeyusha ekstrakti yako kwenye asidi ya hidrokloriki ya 2%, chuja, osha kwa dikloromethani mara mbili tatu kutoa mafuta na takataka za njia. Hiyo ya kuoshea nayo usiimwage, ihifadhi. Alafu dondosha amonia kidogo kidogo ukipima pH mpaka 9 au 10, ndio uvune kwa dikloromethani mpya.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: usitikise faneli ya kutenganishia kama unakoroga togwa. Geuza taratibu, fungua koki utoe hewa, geuza tena. Ukikurupuka itafanya uji, tabaka hazitengani ng'o, utakaa unaiangalia mpaka magharibi. Ikikutokea tia chumvi ya mezani kidogo iliyoyeyushwa, au weka kwenye sentrifyuji.

Mtego wa pili ndio unaowatafuna watu wa jamii hii ya Zanthoxylum. Mizizi yake inajulikana kwa alkaloidi kama chelerithrini na nitidini, zenye naitrojeni yenye chaji ya kudumu. Ukiweka besi zinabadilika umbo, rangi yao ya njano inapauka na zinaweza kuingia kwenye dikloromethani, ukirudisha asidi njano inarudi, unaweza kudhani umeharibu kitu kumbe hujaharibu. Lakini zile za ukoo wa berberini haziendi popote, zinabaki kwenye maji. Wanafunzi wangapi wamemwaga yale maji kwenye sinki na dawa ikiwa humo! Kwa hiyo tunza vyote: ya mafuta, ya alkaloidi, na maji yaliyobaki. Pima vyote vitatu kwenye seli. Kama nguvu ya kuua inafuata tabaka la alkaloidi, hapo sasa andika neno alkaloidi kwenye kichwa cha kazi kwa moyo mweupe.

Kwenye TLC, ile kromatografia ya bamba la silika, alkaloidi zinapenda kuburuza mkia juu ya silika, doa linakuwa kama kamasi. Tone mbili tatu za amonia kwenye mchanganyiko wako zinatosha kulinyanyua. Iangalie kwanza kwenye mwanga wa UV wa nanomita 366 kabla hujapulizia Dragendorff, hizo zenye chaji zinawaka vizuri mno.

Chuma_Chakavu:
Nimesoma yote mpaka mwisho nimetoka jasho. Kwa hiyo kwa kifupi mjafari unatibu saratani au hautibu?? Jibu moja tu wakuu

BiAmonia:
Ukimwaga sabuni ya kufulia kwenye zile seli zitakufa zote kabla hujamaliza kupiga chafya. Utainywa?

Chuma_Chakavu:
Nimeelewa mama 😂

mtoto_wa_kwale:
Hamjambo nyote. Mimi si wa maabara ya seli, niko upande wa uhifadhi wa mimea, lakini uzi huu umenivuta kwa sababu ya kitu kimoja aliandika mwenye swali: saa 24.

Ndugu yangu, ile vinka, yale maua ya waridi na meupe yanayoota mbele ya nyumba za watu pwani nzima, asili yake ni Madagaska, ndiyo iliyotoa vinblastini na vinkristini. Na haikutafutwa kwa saratani. Mwaka 1952 Robert Noble kule Kanada alifikiwa na bahasha ya majani 25 kutoka Jamaika, kupitia kwa kaka yake Clark, kwa sababu Wajamaika walikuwa wanachemsha majani yake kama chai ya kisukari. Wakawapa panya kwa mdomo, sukari haikushuka hata chembe. Walipodunga kwenye mshipa panya wakafa kwa maambukizi, kupima damu wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka. Mtu mwingine angetupa wale panya akasema jaribio limeharibika. Noble na Charles Beer wao wakajiuliza, kama inashusha chembe nyeupe, itafanya nini kwa saratani ya damu? Mwaka 1958 vinblastini ikatangazwa, na huku Marekani watu wa Eli Lilly nao walikuwa kwenye mmea huohuo, wakaja na vinkristini, ikaidhinishwa 1963. Mpaka leo watoto wetu wenye saratani ya Burkitt wanadungwa vinkristini.

Sasa hizi dawa haziui seli kwa kuichoma. Zinashika tubulini, protini inayojenga vile vijiti vinavyovuta kromosomu wakati seli inajigawa, seli inakwama katikati ya kugawanyika na baadaye ndio inakufa. HeLa inajigawa takriban mara moja kwa siku. Ukipima saa 24 tu, dawa ya aina hii inaweza kuonekana kama maji ya kunywa. Weka 48 na 72 pia. Na weka dawa inayojulikana kama kontroli, vinblastini au doksorubisini, kwa sababu kama hata hiyo haitaua kwenye pleti yako basi shida ni pleti, sio mjafari.

Niongeze la nyumbani. Watu wa Kwale wachache wanajua kwamba miaka ya 70 zaidi ya tani 27 za mti wa Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills zikapelekwa Marekani. Ni kwa ajili ya maitansini, ambayo Kupchan na wenzake waliitangaza 1972 kutoka kwenye Maytenus nyingine ya Ethiopia. Wakemia wengine wanabishana kama iitwe alkaloidi, hilo mtajuana wenyewe. Iliua seli kwa kiasi kidogo mno, kila mtu akadhani dawa imepatikana, ilipofika kwa wagonjwa sumu yake ikawashinda wakaiacha. Ikaja kugundulika viumbe vidogo kama bakteria vinatengeneza ndugu zake kwenye tangi, hakuna haja ya kukata msitu. Na mwaka 2013 ikarudi kwa mlango wa nyuma: wamefunga ndugu yake kwenye kingamwili inayoitafuta HER2, protini iliyo juu ya baadhi ya seli za saratani, inatumika kwa saratani ya matiti. Miaka arobaini na moja toka kwenye pleti hadi hapo. Mimi nikipita Shimba Hills huwa nawaza ile miti.

Na wewe mjafari wako ulichimba mizizi, mti bado upo?

mzizi_mchungu:
Upo. Mzee alinikataza kuzunguka shina, tulichimba upande mmoja tu akafukia na majani. Alisema ukimzunguka unamuua.

mtoto_wa_kwale:
Mpe shukrani zangu huyo mzee. Na jina lake liwepo kwenye tasnifu kama ataridhia.

Dada_wa_Wodi:
Nimefuata uzi kwa sababu ya shangazi, haya mengine nawaachia. Mimi ni muuguzi, nahudumia wagonjwa wa saratani.

Mpendwa, kwanza pole. Kitu kimoja ambacho nadhani kinakuchanganya: HeLa ni seli za saratani ya mlango wa kizazi pia, za marehemu Henrietta Lacks, zilitolewa Baltimore 1951. Kwa hiyo moyo wako unasema nilichoua kwenye pleti ndicho kinachomsumbua shangazi. Hapana. Seli zile zimeishi kwenye chupa zaidi ya miaka 70, hazina ini, hazina figo, hazina damu inayozunguka, hazina mwenyewe wa kutapika usiku. Shangazi anavyo vyote hivyo.

Na wagonjwa wa mlango wa kizazi wengi pamoja na mionzi hupewa sisplatini, ambayo inaelemea figo. Tunawanywesha maji, tunawapima damu kila mara kabla ya kuwapa. Sasa mtu akinywa juu yake mzizi ambao hakuna anayejua kiasi kilichomo, damu ikirudi mbaya hatujui tumlaumu nani, tunasimamisha matibabu. Nimeona mama amesimamishwa wiki tatu hivi hivi. Wanatuficha kwa sababu wanaogopa kugombezwa, na sisi wengine kweli tuna midomo, nakubali.

Usimkatalie kwa ukali akajificha. Mwambie ukweli kwamba mwanao bado hajui kama unatibu au unaumiza, na anaposoma ndio anatafuta kujua. Na kama ameshaanza kunywa kitu chochote aseme wodini, hata kama ni cha jirani.

Pipeti_Kongwe:
Dada hapo umemaliza. Mzizi, na wewe ukimaliza HeLa upate na seli za kawaida, Vero ndizo rahisi, za figo la tumbili. Gawanya IC50 ya Vero kwa ya HeLa. Ukipata moja au karibu na moja, mjafari wako haubagui, unaua aliye mbele yake. Kigezo kinachotumiwa sana cha ekstrakti ghafi ni IC50 ya mikrogramu 20 mpaka 30 kwa mililita au chini yake, lakini bila huo mgawanyo namba hiyo haina maana yoyote.

mzizi_mchungu:
Wakuu nimerudi. Siku nne zimepita.

Pleti ya bila seli: dozi ya 100 zambarau kali kabisa, 50 zambarau ya mbali, 25 unaweza kubisha, kuanzia 12.5 kushuka njano safi. Nilipiga picha kwa simu nikaituma kwa supavaiza bila maneno. Akakaa kimya kama saa mbili hivi alafu akaandika "rudia na SRB, na usifute". Basi.

Kutenganisha nimefanya jana. Ilifanya uji mara ya kwanza bi Amonia, nilijisahau nikatikisa, chumvi ikaniokoa. Tabaka la alkaloidi ni kidogo sana, gramu 12 za ekstrakti zimenipa miligramu 190 tu. Ila nilipodondosha asidi kwenye sampuli ndogo njano ikarudi palepale mbele ya macho yangu, na kwenye 366 doa moja linawaka hatari. Maji yaliyobaki sijamwaga, yako kwenye friji yameandikwa USIGUSE.

Shangazi nimekwenda kumuona. Kumbe kweli alishaanza kunywa, si mjafari, ni unga fulani kauziwa stendi, kopo halina hata jina. Nimekwenda naye kliniki akautoa kwenye mkoba mwenyewe akaweka mezani. Muuguzi hakumgombeza. Kauliza tu anaweka vijiko vingapi.

Sasa Vero ndio sina. Kama kuna mtu Dar au Moro ana flaski moja inayokua vizuri na haina maikoplazima (bakteria wanaochafua seli) naja kuichukua mwenyewe, kikasha na barafu ninavyo.

Pipeti_Kongwe:
Vero usizibebe kwenye barafu. Jaza flaski midia mpaka shingoni, funga kifuniko vizuri, ibebe kwenye joto la kawaida, siku moja zinavumilia. Barafu ni ya zile zilizogandishwa, tena barafu kavu sio ya samaki. Nicheki inbox.